Lori Lililozaliwa Kanisani

Ijumaa, 13 Juni 2008. Asubuhi mawingu mazito, joto la kubandika nguo mgongoni, upepo hakuna.

Mpendwa Mama Genoveva, nimekaa na jambo hili wiki nzima na sasa nakuomba unishike mkono kupitia safu yako ya ushauri gazetini, kwa sababu Jumapili ya tarehe 22 nitasimamishwa mbele ya watu niseme uongo.

Mume wangu, Baba Mumbi, alinunua pikipiki mafuta yalipopanda bei, akawa anajisifu kana kwamba alizaliwa juu yake, na Jumamosi iliyopita akanibeba hadi Wheaton, mji wa jirani huku ughaibuni, tukaingia maegesho ya maduka, na pale akitafuta nafasi ya kupaki, tukienda polepole kuliko mama mmoja aliyesukuma kigari cha mtoto mbele yetu, akakata kona na papo hapo akabana breki ya mbele, pikipiki ikalala upande wa kulia kama ng'ombe aliyechoka, na sisi tukalala nayo. Sikuumia. Nilikaa kwenye lami nikacheka mpaka nikashika mbavu, yeye akiivuta kwa usukani na isinyanyuke, akaniita, "Mama Mumbi, njoo ushike huku," nikamjibu, "Si ulisema inakutii?" na watu waliokuwa wakingoja basi wakacheka pia, hadi vijana wawili wakaja kumsaidia. Kioo cha pembeni kilivunjika, indiketa ikaning'inia kwa waya, mkono wa breki ya mbele ukapinda, tangi likakwaruzika. Basi.

Kesho yake kwenye ushirika wetu, wakati wa ushuhuda, akasimama.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Asifiwe tena! Wapendwa, jana pale Springfield, barabara zinapokutana, lori la magurudumu kumi na nane lilitubana ukutani, mimi na mama watoto..."

Nikageuka nione mama watoto gani huyo. Akasema malaika alishika usukani. Huyo malaika kama anajua usukani, Wheaton alikuwa wapi? Kina mama wakalia machozi, na Mzee Elkanah, mzee wetu wa kanisa aliyewekewa nyonga ya bandia mwaka jana, akasema, "Ndugu, usiitengeneze. Tutakuja kwako Jumapili ya tarehe 22 kuiombea kama ilivyo, mama naye ashuhudie, na mimi mwenyewe nitapanda, unizungushe mtaa nikimshukuru Mungu."

Tangu hapo pikipiki haipelekwi kwa fundi, na jana nikamkuta mume wangu nyuma ya nyumba akiikwaruza upande wa kushoto kwa jiwe.

"Unafanya nini?"

"Lori haliwezi kukwaruza upande mmoja tu."

"Lori gani, Baba Mumbi?"

"Lile."

Lile! Na sasa ananifundisha maneno, ati niseme nilisikia upepo wa matairi shingoni, na nikikataa anasema nitakuwa nimemvua nguo mbele ya kanisa zima, na nikikubali nitakuwa mwongo aliyeshika maikrofoni. Nifanyeje? Ni saa saba na robo usiku, ndipo nakwenda kulala.

*

Mama Mumbi,

Pole kwa kuanguka. Pole nyingine sina.

Nianze na mumeo. Kuangusha pikipiki kwenye maegesho si aibu. Usukani umekunjwa, breki ya mbele imebanwa ghafla, mtu yuko chini. Kila anayeendesha yamempata. Watu wazima hupangusa suruali wakaenda kununua kioo kipya. Wako ameagiza lori.

Sasa wewe. Umeniandikia dharau kurasa mbili, na kicheko chako umekipitisha humo kama kitu kidogo. Mtu alikuita umsaidie kunyanyua, ukamkejeli mbele ya watu wasiomjua. Lori hilo liliondokea hapo, kwenye kicheko chako, likafika kanisani kesho yake. Hilo halimfanyi mumeo kuwa mkweli. Linakufanya wewe kuwa utingo wake. Na aliposema mama watoto alikuwepo, ulinyanyuka? Uligeuza shingo tu.

Lakini ushuhuda haukuninyima usingizi. Mnataka kumpandisha mzee wa nyonga ya bandia kwenye pikipiki ambayo breki yake ya mbele imepinda, tena nyuma ya mtu asiyeweza kukata kona kwa mwendo wa kigari cha mtoto! Mtamzika Mzee Elkanah kwa ajili ya lori ambalo halipo?

Funguo ziwe mfukoni mwako leo. Mkono wa breki ununuliwe mpya na fundi aufunge. Mumeo asijaribu kuunyoosha kwa koleo, maana ukishapinda huwa na ufa usioonekana, na utakatika siku anapouhitaji. Kisha umwombe msamaha kwa kile kicheko, sentensi moja, bila "lakini" nyuma yake. Ukishamaliza, mwambie aende kwa Mzee Elkanah, akae kitini na kusema: Wheaton, maegeshoni, mwendo wa kutembea. Mkataze jiwe. Maikrofoni usiiguse, na ukiulizwa na yeyote jibu ilivyokuwa, kisha ukae chini.

Majina nimeyageuza, lakini usijidanganye: wenye pikipiki, lori na mzee anayetaka kuzungushwa mtaa ni familia moja tu huku kwetu. Ndiyo maana jibu hili nimekutangulizia kwa posta. Gazeti linatoka Ijumaa tarehe 20. Msomee mumeo karatasi hii akiwa ameketi. Ana mpaka Alhamisi jioni kumwambia mzee kwa mdomo wake; Ijumaa asubuhi nitamwambia mimi.

Mama Genoveva