Kokoto Moja ya Bombani

Karakana ya Baiskeli,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti la kushoto limeacha kukusumbua kwenye baridi ya huko. Shemeji hajambo? Watoto je? Sisi ni wazima. Mke wangu anakohoa kidogo lakini anagomba kama kawaida, kwa hiyo hatuna wasiwasi. Mimi macho yamepungua. Siku hizi nikitafuta tundu kwenye tyubu natumia sikio kuliko jicho.

Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma mara tatu. Umesema umekata tiketi, tena umeshonesha suti ya kijivu kwa ajili ya siku ya kufunua ubao wa mabingwa pale uwanjani. Nilipofika kwenye suti nikaiweka barua chini. Jina lako lingekuwa juu kabisa, mtu wa kwanza kwetu kumaliza marathoni chini ya saa mbili na nusu. Kaka, halitaandikwa hivyo, na sababu ni mimi.

Naeleza moja kwa moja, maana nikianza kuzungukazunguka nitaichana karatasi hii kama nilivyochana mbili za jana.

Unakumbuka mbio zile za kwanza zilivyokuwa. Hakuna aliyejua marathoni ni mnyama gani. Wewe ulikuwa mpeleka barua wa posta, Msumari seremala, yule mwingine mpishi wa hospitali. Mlifanya mazoezi alfajiri kabla ya kazi, tena peku, na yule mama wa kona alipokuona mara ya kwanza unatimua mbio akakupigia yowe la mwizi, ukarudi nyumbani shati limechanika. Kinywaji cha njiani kilikuwa chai baridi kwenye chupa ya soda. Saa ilikuwa ya mkononi, ya mwalimu mkuu. Na njia, kilomita arobaini na mbili na ushei, niliipima mimi, kwa sababu karani wa michezo hakuwa na chombo na mimi nilikuwa na baiskeli.

Nilifunga kitambaa chekundu kwenye spoku ya gurudumu la mbele, nikatia kokoto mia moja mfuko wa kulia. Kila gurudumu likizunguka mara mia mbili, nahamisha kokoto moja kwenda mfuko wa kushoto. Kokoto za kulia zikiisha, inabaki mizunguko tisini na tatu tu, hapo ndipo mwisho. Nilijiona injinia. Hilo jina la Kipimo nililipata siku ile, na mpaka leo wateja wananiita hivyo.

Sasa, pale bombani alikuwepo msichana anakinga ndoo. Akaniuliza mbona mifuko yangu inalia. Nikasimama kumweleza, na nilieleza kwa urefu, kwa sababu alikuwa anacheka vizuri. Ili aelewe nikachomoa kokoto moja ya mfuko wa kulia nikampa aishike. Nikaondoka nikiwa napiga mluzi. Kokoto ikabaki kwake.

Ndiyo, huyo msichana ndiye shemeji yako.

Wiki moja baada ya mbio tulikutana tena palepale bombani, akafungua kiganja akanionyesha kwamba ameitunza. Nilijua hapohapo kwamba nimekupunguzia njia kwa mizunguko mia mbili, mita mia nne na ishirini. Lakini gazeti lilikuwa limeshakuandika, saa mbili, dakika ishirini na tisa na sekunde kumi. Mama alikuwa ameshalitia kwenye fremu. Nikamwambia msichana, itunze. Nikanyamaza miaka arobaini na moja.

Ungesema huo ni utoto, ungenisamehe. Subiri, kuna kibaya zaidi.

Jumatatu iliyopita alikuja karakanani binti mmoja mpima, mwenye chombo chake cha kisasa. Kabla ya kuchonga ubao wanapima upya njia zote za zamani. Akasema ile ya kwanza ni fupi kwa karibu mita mia nne na ishirini.

"Mzee, wewe ulikuwepo. Nani aliipima?"

Nikamjibu, "Karani wa michezo. Marehemu."

Nilisema hivyo, Kaka, huku mikono yangu ikiendelea kukaza nati. Marehemu alinipa kazi akaniamini, akatia sahihi bila kuuliza, na mimi nikamtupia zigo kaburini.

Jumatano binti yake karani akaleta baiskeli, gurudumu la nyuma halina upepo. Habari ilikuwa imeshamfikia. Akakaa kwenye kile kibenchi chetu akasema taratibu, "Kumbe baba alidanganya. Wanasema alipanga na kaka yako." Nikashindwa kumtazama. Nikaziba tundu, nikatia upepo, nikaziba tena palepale pasipovuja.

Alipoondoka nilifunga karakana mchana kweupe. Nikaenda nyumbani nikamwomba mke wangu kopo lake la vifungo. Kokoto ilikuwemo. Nikamweleza kila kitu. Akanitazama mpaka nikaona heri anigombeze.

"Kwa hiyo miaka yote hii mimi najua nimetunza mapenzi, kumbe nimetunza ushahidi?"

Nikaichukua kokoto nikaenda nayo ofisi ya uwanja, nikaiweka mezani mbele ya yule mpima, nikasema yote na kutia sahihi. Jina la marehemu limesafishwa. Lako pia, hakuna tena wa kusema ulipanga na mtu. Kisha nikaenda kwa binti wa karani nikarudia maneno yaleyale mlangoni kwake. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango polepole. Ningependa aubamize.

Nikaenda na kwa Msumari. Unajua yeye miaka miwili baadaye alikimbia kwenye njia iliyopimwa kwa mnyororo wa wapima ardhi, akamaliza chini ya saa mbili na nusu, na tangu hapo anaitwa wa pili. Amezeeka, lakini bado anapiga randa. Nilipomaliza kusema aliiweka randa chini.

"Kwa hiyo nilikuwa wa kwanza?"

"Ulikuwa wa kwanza."

Akakaa juu ya mbao. Baadaye akauliza, "Kaka yako anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Mwandikie leo. Asiisikie kwa watu. Halafu toka, niache kidogo." Alikuwa anafuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao.

Ofisi imeamua hivi. Ushindi wa mbio zile ni wako, kwa sababu wote mlikimbia njia moja. Ule muda ndio utakaofutwa, na wa kwanza chini ya saa mbili na nusu ataandikwa Msumari. Najua hicho sicho ulichotarajia. Usipokuja nitaelewa. Ukija na usinisalimie nitaelewa pia.

Kokoto nilitaka kuitia kwenye bahasha hii. Mke wangu amekataa, anasema ukiitaka uje uichukue mwenyewe.

Msalimie sana shemeji, na yule mwanao mkubwa, na kitinda mimba ambaye sijamwona. Shangazi anakusalimu, na jirani yetu fundi cherehani anauliza hiyo suti ina vifungo vingapi. Mungu akulinde njiani, kama utaamua kuwa njiani.

Neno moja la mwisho. Unakumbuka ulipokata utepe mbele ya posta hukusimama, ukaendelea kukimbia hadi kwa Mama, mwalimu mkuu anakuita na saa yake mkononi? Jana asubuhi nilifunga kitambaa kwenye spoku nikapima kutoka pale posta hadi mlango wa Mama. Sikusimama kuongea na mtu. Ni mizunguko mia mbili na sita. Wewe njia yote uliimaliza, Kaka. Aliyeikata ni mimi.

Mdogo wako akupendaye na mwenye haya,
Kipimo