Namba Nisizozijua

Jumapili, Yombo. Mvua imekata alfajiri lakini mbingu bado imenuna, na matope ya njia ya yadi ya malori yamefika mpaka kizingitini kwangu. Sijapika. Nyie mnaonifahamu mnajua hiyo peke yake ni habari.

Shajara yangu, leo sina majigambo. Au ninayo, ila kila nikiligusa moja linaniuma.

Kwa mgeni humu ndani: mie ni mama Zuhura. Zuhura ni mwanangu wa pekee, na ni dereva wa semi, yale malori ya tela. Siyo utingo, siyo mke wa dereva. Dereva. Anashika usukani kutoka Dar hapa mpaka Kongo, anaupanda mlima Kitonga na mzigo mgongoni na wanaume wanampisha. Siku ya kwanza alipolitoa gari yadini nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akatoka kuuliza kuna harusi ya nani. Nikamwambia yangu. Blogu hii alinifungulia yeye. Alisema hayo maneno yangu niyamwage huku, masikio ya Mama Kelvin yapate kupumzika. Mama Kelvin ni jirani yangu, tumetenganishwa na ukuta tu. Na simu hii ya tachi ninayoandikia kwa kidole kimoja, nayo Zuhura ndiye aliyeninunulia.

Ni simu hii ninayotaka kuisema leo.

Wiki mbili zilizopita iliniambia kuna apdeti. Wengine hapa mtaani wakiona hivyo wanakimbia, eti bando litaliwa, eti simu itaganda. Mie niogope nini? Nilibonyeza palepale, tena mbele ya Mama Kelvin, nikamgeuzia kioo aone kile kiduara kinavyozunguka. Yeye ana kiswaswadu, kile cha vitufe na tochi, amekifunga raba bendi kwa nyuma betri isidondoke. Nikamwambia mwenzio nahamia nyumba mpya bila kubeba godoro. Akanijibu niangalie nisije nikasahau mlango uko wapi.

Nilicheka sana.

Ilipowaka ilikuwa imependeza kweli. Ikaweza kunisomea meseji kwa sauti. Ikanionyesha jinsi ya kumfuta mtu kwenye picha: unamgusa kwa kidole, anayeyuka, unabaki ukuta nyuma yake. Halafu ikaniuliza, kwa Kiswahili safi, kama ningependa inyamazishe simu za namba nisizozijua ili nipate utulivu.

Nani asiyetaka utulivu? Mnajua wenyewe tunavyosumbuliwa. Huyu anasema umeshinda zawadi, yule anasema mwanao kaanguka shuleni, tuma hela ya matibabu haraka. Nikabonyeza ndiyo. Nikajiona mtu mwenye mlinzi getini.

Siku zikapita kimya, nami nikamsifia mlinzi wangu kila kibaraza.

Sikuwaza habari ya bipu.

Zuhura akishavuka mpaka huwa ananunua laini ya kule, na asipopata anaomba simu ya mtu. Na simu ya mtu humalizi salio lake, ndivyo nilivyomlea. Unabipu mara moja, unakata, unamrudishia mwenyewe kwa adabu, unasubiri mwenzio apige. Hivyo ndivyo mie na mwanangu tulivyoishi miaka yote ya barabara zake. Namba ngeni ikilia kidogo ikakatika, najua ni yeye. Natafuta vocha, napiga. Namba nisiyoijua ndiyo ilikuwa mlango wake wa kuingilia kwangu.

Na yangu anaijua kwa kichwa. Hiyo kazi niliifanya mie, alipokuwa mdogo nikimpeleka sokoni Tandika. Nilimkaririsha ili akipotea amtajie mtu mzima, na haanzi kula kabla hajaitaja yote. Sijawahi kubadili laini tangu hapo. Namba ya tajiri wake mwenye gari, za madereva wenzie, zote zimo ndani ya simu yake. Kichwani imo yangu tu. Nimejisifia hilo kwenye harusi na kwenye misiba.

Alhamisi mchana nilikuwa barazani kwa Mama Kelvin, simu mkononi. Nilikuwa namwonyesha picha ya Zuhura amesimama mbele ya gari lake. Nyuma yake kulikuwa na watu wanapita, sijui akina nani, wameiharibu picha. Nikawafuta mmoja mmoja. Mama Kelvin akasema huyo wa kofia nimwache, ana sura ya mtu mwema. Nikamfuta na yeye.

Jana asubuhi akaja Mzee Chande. Ni dereva wa siku nyingi, ndiye aliyemfundisha mwanangu kazi, na huwa akiingia kwangu anatangulia kuulizia chai. Jana alisimama mlangoni na kofia mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kama Zuhura amenipigia.

Nikamjibu kwa maringo yangu yaleyale. Nikamwambia simu yangu haikosi mtandao, angepiga ningejua.

Hapo ndipo alipokaa.

Akanieleza kwamba Alhamisi, upande wa Kongo, pikipiki iliingia chini ya gari la Zuhura. Mwenye pikipiki alifariki palepale. Watu wakajaa, wakalichoma gari. Sitawasema vibaya watu wa kule, maana hata hapa kwetu mtu akigongwa najua kinachotokea kabla askari hajafika. Na yule marehemu naye ana mama. Utingo alichukuliwa na polisi, yuko hai. Zuhura walimwona anakimbilia vichakani, simu yake imebaki ndani ya gari, imeteketea.

Wenzie walikuwa wameegesha mbele yake, si mbali. Walimtafuta mpaka giza likaingia, kisha wakaambiana wasihangaike: Zuhura lazima atabipu kwa mama yake, na mama yake atawatafuta kuwaambia alipo. Wakasubiri siku nzima bila habari. Ndiyo maana Mzee Chande, aliyekuwa ameshafika Dar, walimpigia aje aniulize.

Mie sinaga kawaida ya kufungua orodha ya simu zilizoingia. Nikimtaka mwanangu nagusa sura yake, basi. Jana nikaifungua. Ilikuwamo namba ya Kongo. Alhamisi mchana. Tena. Na tena, mpaka magharibi. Kando ya kila moja kijikengele kimechorwa mstari katikati, maana yake imenyamazishwa. Simu yangu ilimwona mgeni mlangoni, ikamwacha nje, na mie ndani isiniambie kitu.

Nikaipigia ile namba, Mzee Chande akanishikia simu sikioni. Akapokea mama mmoja. Anauza mkaa kando ya barabara. Kiswahili chake ni kile cha kwao, lakini nilimwelewa kila neno.

"Njo wewe mama yake? Alikungojeaka sana."

Nikamjibu ndiye mie. Akanisimulia. Binti alimfikia na kiatu kimoja. Akamficha nyuma ya magunia. Binti akaomba simu, akabipu, akairudisha kwa mikono miwili. Akakaa. Akaomba tena. Yule mama alimwambia ongea tu mwanangu, salio lipo, lakini simu ilikuwa inaita mpaka inakatika na hakuna anayepokea. Binti akawa anasema, mama yangu akiona bipu hawezi kulala. Akamngojea mama yake mpaka Ijumaa alfajiri. Kulipokucha akaondoka na wanawake wachuuzi wanaopita njia za miguu kwenda mpakani.

Nikamuuliza kama alisema kitu wakati anaondoka. Akasema ndiyo. Alisema huenda mama yangu anaumwa, kunyamaza si kawaida yake, acha niwahi nyumbani nikamwangalie.

Alikuwa anawindwa, na wasiwasi wake ni mie.

Tangu Ijumaa hajaonekana. Mzee Chande amewapigia madereva wote walioko mpakani, pande zote mbili. Tajiri wake amempeleka mtu kwenye kituo cha polisi. Wale wachuuzi wengine wamefika, wengine hawajafika, na waliofika wanasema kundi liligawanyika kwenye mto, maji yalikuwa mengi. Zaidi ya hapo hakuna anayejua.

Nilimuuliza Mzee Chande kama ningepiga Alhamisi ileile, wangemfikia? Aliangalia sakafu yangu kama anaihesabu mikeka. Kisha akasema, "Mama Zuhura, jua lilikuwa halijazama."

Mama Kelvin alikuwa amesimama mlangoni, alishasikia yote, kuta zetu mnazijua. Nikangoja aniambie ule mlango nilioambiwa nisiusahau. Ningeupokea. Ni haki yake. Badala yake akaitoa raba bendi kwenye kiswaswadu chake, akafungua betri, akachomoa laini yake akaitia kwenye mtandio.

"Toa laini yako weka humu," akasema. "Hii haina akili ya kumkataa mtu."

Laini yangu ni ndogo mno kwa kile kisimu, tukaipachika kwenye kile kifremu chake cha plastiki, ikakubali. Hii simu kubwa nimeiachia ile laini yangu nyingine ya bando, ndiyo ninayoandikia. Ile kazi ya kunyamazisha nimeizima, ingawa sasa haina maana. Ile picha pia nilijaribu kuirudisha kama ilivyokuwa, na wale watu wake wapite tena nyuma ya Zuhura. Imekataa. Sikuweka nakala.

Nimekaa naitazama. Niliwafuta watu nisiowajua kwenye picha. Nikawafungia watu nisiowajua kwenye simu. Na siku ileile mwanangu alikuwa mikononi mwa mtu nisiyemjua, ambaye alimficha nyuma ya magunia yake na kumwambia salio lipo.

Jina la yule mama sikuuliza. Hata hilo.

Nyie mlioko barabarani, na najua madereva mnanisoma, maana Zuhura aliwaambia: ni mrefu, mweusi wa kung'aa, ana pengo la mbele analolionea fahari kama mama yake. Ukimkuta kokote, usimwambie mengi. Mpe simu tu. Namba anaijua.

Leo kabla ya adhuhuri kiswaswadu kimelia. Namba ngeni. Mama Kelvin alikuwa ananichambulia mchele ambao sitaupika, akauacha. Nikapokea nikasema abee, mwanangu.

Alikuwa kijana. Akajitambulisha kuwa ni mwalimu, akasema mwanangu amepata ajali, yuko hospitali, nitume hela upesi aingizwe kwa daktari.

Nimeshawatukana wengi wa namna hiyo, kwa ufundi, mpaka Zuhura anashika mbavu. Leo sikuweza. Nilijua ni tapeli tangu neno la kwanza, na bado nikamuuliza yuko wapi. Nikamuuliza amevaa viatu vyote? Anaongea? Nikamwambia, baba, kama uko naye karibu, mwambie mama yake haumwi. Mwambie nilikuwa nimelala tu.

Nilikuwa nasikia redio kwake na mtu anacheka. Kisha yule kijana akasema, taratibu, "Samahani, mama," akakata.

Mama Kelvin amerudi kwenye mchele. Ameisogeza ile simu karibu na goti langu na kuongeza sauti mpaka mwisho.

Kwa hiyo hapa ndipo nilipo. Watakaonipigia leo watakuwa matapeli, watakuwa waliokosea namba, watakuwa wanaotaka kuniuzia viwanja huko Pugu nisikokujua. Wote wapige. Nitasema abee, mwanangu kwanza. Halafu ndiyo niulize ni nani.