Kisu Nilichokiosha kwa Mazoea

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nimechoka kulia chooni kazini.

Mimi ni fundi wa maabara hapa mjini Norrköping, tunachapisha paneli za jua kwa wino juu ya plastiki nyembamba, na kwa miaka kumi na mmoja nilikaa meza moja na Gunvor, aliyenifundisha kazi, kila saa tatu asubuhi tukinywa kahawa na andazi la iliki analolikata vipande viwili na kunipa kile kikubwa, hadi mwaka juzi mapafu yake yalipokishindwa kile kiyeyushi cha klorini tunachochanganyia wino, daktari akamkataza kukanyaga maabara, nami nikaapa nitatengeneza wino wa maji na spiriti ili arudi, na mwezi uliopita kipande changu cha paneli kikatoa umeme kuliko vyote, bosi akaleta keki ya kijani ya kunipongeza, Gunvor akapiga simu, "Wee! Umeweza kweli? Nitoe koti langu la maabara kabatini?" nikamwambia litoe, kumbe kisu cha kupakia wino nilikuwa nimekiosha kwa kiyeyushi kilekile, kwa mazoea tu, yakabaki matone, na kisu kikiwa safi wino wangu hautoi hata nusu ya umeme ule, kwa hiyo bosi akitaka kuona nakiosha tena kwa sumu ile kwa siri, na Jumatatu Gunvor anarudi, na jinsi ninavyotamani awe pale mezani, mshauri, siwezi kusema, nifanyeje?

Mwenye Hamu

Mwenye Hamu,

Pole sana. Nimesoma barua yako mara mbili mpaka kahawa yangu imepoa. Lakini hebu niambie, wewe ni mzima kweli? Unamwita mwenye mapafu mabovu aje kuvuta kitu kilekile kilichomwangusha, eti unaona haya kuharibu keki ya watu? Kukosea mara ya kwanza ni mkono uliozoea, sikulaumu. Kukiosha tena kwa siri, hapo umenikera.

Leo hii mwambie bosi. Kisha nunua andazi moja, moja tu, uende kwa Gunvor, na usimpigie simu. Mwambie yote. Atanuna, ana haki. Akimaliza kununa, fungua daftari umwonyeshe vipimo vya kisu kichafu na vya kisu safi. Matone yale yalifanya kitu ambacho maji na spiriti havijakifanya, na anayeweza kukijua ni yeye. Daktari alimkataza maabara, hakumkataza kufikiri. Miaka miwili unangoja arudi mezani kwako, na meza anayo jikoni kwake.

Andazi likate wewe. Kipande kikubwa mpe yeye.