Kuwalisha Kondoo wa Mama Rehema

Jumatatu, 2 Februari

Kwa Bi. Sakina, mwenye duka, maganda ya ndizi nusu kikapu na bakuli la machicha ya nazi. Kwa Mama Domina, muuza mihogo wa karibu na mashine ya kusaga, maganda mengi ila mabichi. Nimeyaanika juu ya bati. Mke wangu, Mama Rehema, ameniusia: ya mihogo michungu yasiliwe kabla hayajakauka, yanaua.

Njia hii ilikuwa yake. Miaka yote nilipokuwa karani bandarini sikujua anapita wapi asubuhi na kile kikapu. Sasa tumepunguzwa kazi, na yeye amelazwa na uvimbe wa tumbo. Kwa hiyo napita mimi. Watu wananiuliza hali yake mlango hadi mlango. Najibu kuwa hajambo kidogo.

Jua kali. Vuli ilipita bila mvua ya maana. Kando ya reli hakuna jani.

Alhamisi, 5 Februari

Nimekwenda kumtazama. Hakuuliza habari yangu. Ameuliza kondoo wamekula nini. Nikamweleza kimoja kimoja, naye akafumba macho kama anayesikiliza redio. Amesema majike wawili watatosheka na mabua ya mahindi. Dume aongezwe pumba, na chumvi kidogo.

Uso umebaki mifupa. Nilipotoka nilikaa kwenye ngazi za hospitali mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 8 Februari

Madukani sabuni imerudi. Vitenge, maziwa ya kopo, betri. Watu wanapita, wanatazama, wanaondoka.

Kinu cha mafuta hakina mashudu ya kutupa tena. Yanabebwa na malori, yanauzwa mbali. Mama Rehema alikuwa akiruhusiwa kufagia yaliyomwagika sakafuni. Leo nimekuta sakafu inafagiwa na wenyewe, na kilichofagiwa kinatiwa gunia.

Jumamosi, 14 Februari

Nimepanga foleni ya pumba kwa Hamza, mwenye mashine ya kusaga. Mbele yangu wanawake tu, na vifuko vidogo. Nikadhani nao wana mifugo. Hamza akaniita pembeni, akanong'ona: "Mzee Salimu, pumba siku hizi zinasongwa ugali."

Aliyekuwa mbele yangu ana mtoto mgongoni. Mtoto ana nywele nyekundu za njaa. Nimetoka kwenye foleni na gunia langu tupu. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Kondoo wamekula mabua makavu. Wamelia mchana kutwa.

Jumanne, 17 Februari

Rehema, binti yetu, amekuja kutoka Muheza na mzigo wa majani ya viazi. Kondoo wameyamaliza kabla hajavua kanga. Akasema tumuuze dume, dawa zinunuliwe nje ya hospitali. Nikakubali. Ni jambo la akili.

Tukaenda kumwambia mama yake. Akasema: "Yule hauzwi. Ni wa hitima yangu."

Rehema akatoka nje.

Alimtenga tangu mwaka jana, maumivu yalipoanza. Hakusema. Kila asubuhi alichukua kikapu akapita kwa watu akiokota chakula cha kunenepesha nyama ya maziko yake. Mimi nilikuwa nikimwambia asichelewe kuniandalia chai.

Ijumaa, 27 Februari

Daktari ametuambia turudi naye nyumbani. Alitusemesha kwa upole sana. Nikaelewa.

Tumemtandikia uani, kwenye kitanda cha kamba, chini ya ukuta wenye kivuli. Anawaona kondoo wake. Ametabasamu.

Dume simpi machicha tena. Nayamwaga kwa majike. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Najua ni upuuzi. Lakini nikiutazama ule mkia wenye mafuta, mkono unakataa. Namchukia mnyama asiye na kosa.

Jumatano, 4 Machi

Leo ameniomba nimlete dume karibu. Nikamleta kwa kamba. Akanyoosha mkono, akaushika mkia, akaubonyeza kama mtu anayechagua embe sokoni. Kisha akanitazama.

"Baba Rehema, unamnyima."

Nikaikaza kamba.

"Unadhani akikonda nitapona?"

Nikalia. Mwanamume wa umri wangu, uani, mchana, jirani anasikia. Akanisubiri nimalize. Akasema: "Mlishe. Watu watakuja kunizika na njaa yao. Wasirudi nayo."

Jioni nimempa dume machicha yote, maganda makavu, na chumvi. Akala bila haraka. Nilisimama naye mpaka beseni likabaki tupu.

Alhamisi, 12 Machi

Mke wangu halali vizuri. Hali chochote ila uji, vijiko viwili vitatu.

Bi. Sakina amekuja mwenyewe na machicha, pamoja na maganda ya njegere ambayo sikuyaomba. Familia yao ina duka tangu enzi za babu zao, lakini kikapu alikishika mwenyewe. Nikamwambia habari ya dume. Akainamisha uso. Kumbe alijua tangu mwaka jana. Mama Domina naye alijua. Barabara nzima walikuwa wanamlisha dume wa hitima yake, na mimi peke yangu nikiona kondoo tu.

Nilimuuliza kwa nini mimi sikuambiwa. Akasema mke wangu aliwakataza. Alihofu ningeacha kula.

Nimekasirika siku nzima. Sijui nimemkasirikia nani. Angeniambia ningembebea kikapu.

Jumamosi, 14 Machi

Mke wangu amefariki alfajiri, kabla ya adhana. Rehema alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa nachemsha maji.

Tumemzika baada ya alasiri.

Jumanne, 17 Machi

Hitima.

Nilimshika dume mwenyewe wakati anachinjwa. Hakusumbua. Alikuwa mzito, watu wawili tulimlaza.

Wamekuja wengi kuliko nilivyotegemea. Wa mitaa ya Mabawa na Usagara, wafanyakazi wenzangu wa zamani waliopunguzwa pamoja nami, wengine wamevaa yale yale mashati ya kazi. Mama Domina, ambaye ni Mkatoliki, alikaa jikoni na wenzake tangu asubuhi akimenya vitunguu. Yule mwenye mtoto wa nywele nyekundu alikuja pia. Sikumjua jina, wala sikumuuliza. Rehema alimpakulia sinia, kisha akamfungia nyama kwenye jani la mgomba aende nayo.

Hakuna aliyeondoka na njaa. Nilitembea katikati ya watu kuhakikisha.

Kisha Rehema akaniletea sahani. Nikala. Nyama ilikuwa nzuri. Nilitaka kumwambia mke wangu.

Jumatano, 8 Aprili

Masika imeingia. Imenyesha wiki nzima, na leo mvua imeacha kidogo. Majani yameota kila mahali, kando ya reli, kwenye mtaro, hata juu ya kuta. Rehema amerudi kwa mumewe.

Nimewafungua majike asubuhi. Wanakula mlangoni kwangu, hawahitaji ganda wala machicha ya mtu.

Nimevaa viatu, nimekaa barazani na kikapu kitupu. Sikuwa na pa kwenda.