Upepo wa Baridi Nyuma ya Kompyuta

Jumatano, Kijenge

Feni za kompyuta zinapuliza, ila leo upepo wake ni wa baridi. Julai hii tuliweka kitanda cha Neema nyuma ya kompyuta aliyoiunda baba yake, mtoto apate joto. Nikashika mpira wa maji ya kuipozea. Upande mmoja unaunguza, mwingine baridi. Maji hayatembei, joto halifiki kwenye feni. Nikamwita baba yake.

"Mama Neema, feni si zinazunguka? Umekuwa fundi siku hizi?"

"Pampu ya kusukuma maji umeichomeka wapi?" nikamuuliza.

Kumbe kwenye tundu la feni, linalopunguza umeme hadi pampu isimame! Anasema atahamisha kesho, akizima sasa video ya harusi ya watu anayoitengeneza inapotea. Kalala.

Mtoto nimemhamishia kwangu. Mpira umeanza kuvimba. Nimekaa karibu na swichi. Ukivimba tena kidogo nazima, bibi harusi atanisamehe.