Dawa ya Pili Aliyofichwa Daktari

Bibi Zulhumor, asalaam aleikum, nisaidie maana nimekwama na wa kumwambia sina, mume wangu Tursunali ni mfumaji wa hariri hapa Margilan, mwaka jana moyo ulimsumbua akapewa dawa ya kushusha lehemu kwenye damu, akawa sawa, ila tangu tumzike kaka yake akawa hali wala halali, anakaa mbele ya mtambo wake wa kufumia analia tu, nikampeleka Fergana kwa siri kwa daktari wa akili, akapewa dawa ya sonona na kweli kilio kimepungua, lakini Bibi, binti yetu Mohlaroyim anaolewa baada ya wiki tatu, na washenga walipokuja jambo la kwanza kuuliza majirani ni kama kwetu kuna wazimu, na nesi wa daktari wa moyo ni shangazi yake bwana harusi, basi aliponiuliza, "Kuna dawa nyingine anameza?" nikamwambia, "Hata ya kichwa hamezi, dada," na yule wa Fergana naye nikamficha habari za moyo asije akampigia mwenzake, sasa wiki hii mapaja yanamuuma, kuinuka mpaka nimshike, mkojo umekuwa mweusi kama chai iliyolala, ananiambia, "Mama Mohlar, hii miguu si yangu tena," nami namkanda kwa mafuta ya kondoo, naomba unifundishe namna ya kumtibu kimya kimya mpaka harusi ipite.

Mama wa bibi harusi

Mwanangu, kimya kimya? Unataka nikufundishe kumuua mtu kwa adabu?

Mimi shule sikukanyaga. Barua yako nimesomewa na Nargul, muuza dawa wa mtaani kwetu, na majina ya dawa uliyonakili nyuma ya barua ameyaangalia mara mbili. Alipofika kwenye mkojo akasimama. "Bibi, hii si ya kukanda." Hiyo dawa ya sonona aliyopewa mumeo inalizuia ini lisiimalize ile ya lehemu, inarundikana mwilini, inakula misuli, na mabaki ya misuli yanaziba figo. Zipo za sonona zinazokaa vizuri na ya moyo. Daktari angechagua mojawapo ya hizo, kama ungefungua mdomo!

Najua ulivyobanwa. Nimeoza mabinti wanne, hao washenga wananusa mpaka sufuria. Na kumpeleka Fergana ulifanya jambo la maana, wengi wangemwacha alie mpaka akauke. Ila ukaharibu kwa woga, na barua yako imekaa njiani siku nne kabla ya kufika hapa gazetini, siku nne nzima mama wee, ndiyo maana napiga kelele.

Mpeleke hospitali leo, siyo kesho, wampime damu, mkojo na figo. Beba maboksi yote mawili, yaweke mezani, sema yote. Ya lehemu asimeze tena mpaka daktari amwone. Ya sonona msiikate wenyewe ghafla, wataamua wao. Na huyo nesi mwambie usoni: "Siri ya mgonjwa ikitoka hapa, nitajua imetoka kwako."

Wakwe wakimkimbia Mohlaroyim kwa sababu baba yake alimlilia kaka yake, waende, tena wafungulie mlango. Mchumba atapatikana mwingine. Baba utamtoa wapi?

Acha gazeti. Mshike mkono, mwondoke.