Ufunguo wa Kalle

Jumatatu, 6 Novemba

Asubuhi nimelikuta gari tena hivyo hivyo. Taa ya ndani inawaka, milango haijafungwa loki, kioo cha dereva kimeshuka nusu. Na jana jioni nililifunga mwenyewe, nikavuta kitasa kuhakikisha. Mkate wa nyama na viazi niliouacha kiti cha nyuma haupo. Blanketi limeanguka chini.

Nilikaa ndani kidogo kabla ya kwenda kazini. Nikanusa. Sigara? Sijui. Pua yangu imezoea vitunguu vya jikoni kule shuleni ninakopika, haina kazi tena.

Mimi si mjinga. Najua gari lina matatizo — jana honi imelia yenyewe nje ya kanisa katikati ya sala, mchungaji akanyamaza, kanisa zima likanigeukia. Lakini Kalle ana ufunguo wa pili. Mwanangu aliondoka nao mwezi wa tatu, hajaonekana tangu hapo, na namba yake ya simu haipatikani. Kwa hiyo nikikuta taa inawaka nafikiri jambo moja tu: amelala humu. Yu hai.

Leo nimeoka mkate mwingine. Pilipili manga nyingi, anavyopenda.

Jumatano, 8 Novemba

Betri imekufa kabisa. Shemeji Onni, mdogo wa marehemu mume wangu, amekuja kulivuta gari na lori lake mpaka gereji kwake. Onni maneno anayaweka akiba kama kuni.

Mchana akanipigia niende nikaone. Nilimkuta amelala chali chini ya usukani, miguu nje. Akatoka na kisanduku cheusi, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani. Pini zake zimeota kutu ya kijani. Maji yamekuwa yakivuja pembeni mwa kioo cha mbele na kukidondokea, labda tangu kiangazi.

"Ona, shemeji. Hili ndilo kontroli boksi. Taa, loki, vioo, honi, waipa, vyote vinasubiri amri yake. Sasa limelowa, limechanganyikiwa. Linafungua milango lenyewe, linawasha taa lenyewe, mwisho linakumalizia betri."

"Lenyewe? Bila mtu?"

"Bila mtu."

Nikamwuliza mara ya pili. Akajibu vile vile. Kisha akalichukua blanketi kiti cha nyuma, akalikung'uta.

"Na hili la nini? Humu kumejaa makombo na manyoya. Kuna rakuni, yule mnyama mwizi wa usiku, anaingia dirishani, shemeji. Jalala la jirani halimtoshi tena, anataka hoteli."

Nilicheka. Nikaingia chooni kwake, nikafungulia bomba, nikalia.

Ijumaa, 10 Novemba

Boksi jipya limefika. Nilidhani ni kuchomeka tu, basi. Kumbe halilijui gari, wala halijui funguo. Lazima aje mtu na kompyuta alifundishe. Onni amempata binti mmoja wa mji wa Marquette, Shawna, anayezunguka gereji hadi gereji. Atakuja Jumanne. Baada ya hapo hapatikani mpaka Desemba, maana tarehe kumi na tano msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa na watu wote wa huku wanahamia porini. Hata shule inafungwa. Hata daktari wa meno.

Onni alipokuwa anaondoka akasimama mlangoni, kofia mkononi. Nikajua kuna neno limemkwama.

"Leta funguo zote Jumanne. Siku ya kufundisha, funguo zote ziwe ndani ya gari. Usiokuwepo unafutwa. Ufunguo huo mlango utaufungua bado, kitasa ni chuma tu. Lakini gari haliwaki."

"Wa pili anao Kalle."

"Najua anao nani."

Onni ndiye aliyebadilisha vitasa vya nyumba hii mwezi ule wa tatu, baada ya Kalle kuuza bunduki za baba yake moja baada ya nyingine. Alifanya vizuri, nilimshukuru. Lakini tangu siku ile ufunguo wa nyumba alio nao mwanangu haufungui kitu. Gari ndilo peke yake lililobaki linalomtambua.

Jumapili, 12 Novemba

Nimeoga sauna jana peke yangu. Leo kanisani kwa gari la jirani. Hakuna honi. Watu walipumua.

Namtumia Kalle ujumbe kwenye namba ile ile: Njoo Jumanne, gereji kwa baba mdogo, uje na ufunguo. Haujafika. Nimetuma tena. Haujafika.

Nikisema tusifundishe, nitaendaje kazini? Maili ishirini na mbili, na theluji imeanza. Nikisema tufundishe, siku akija amejikunja kwa baridi atawasha gari apate hita, gari litamkataa. Atasema mama naye amebadilisha kitasa.

Lakini atakuja lini huyo? Hajawahi kuja. Alikuja rakuni.

Jumanne, 14 Novemba

Imekwisha.

Shawna ni binti mdogo, nywele fupi, mikono ina mafuta kuliko ya Onni. Alichomeka waya wake chini ya usukani, kompyuta mapajani, akauliza bila kuinua macho, "Funguo zote zipo?"

Onni akasema zipo. Nikasema haupo mmoja.

Shawna akatuangalia mmoja mmoja. "Mnafahamu nikibonyeza hapa ule mmoja ndiyo basi? Nani anao, mama?"

"Mwanangu."

"Anaweza kuja leo? Nitamngoja mpaka saa kumi."

Mtoto wa watu, na safari yake ndefu, alikuwa tayari kungoja. Nilimpenda kwa hilo. Onni akawa anapangusa spana ambayo haikuwa na uchafu. Kisha akasema polepole, kwa sauti ya marehemu kaka yake kabisa, "Shemeji. Lile boksi lilikuwa linakudanganya. Usiliache likudanganye na baridi yote hii."

Nikamwambia Shawna abonyeze.

Ikachukua muda. Gari lilizima taa zote, likakaa kama limekufa, kisha loki zikagonga pamoja, zote kwa mara moja. Safi. Nilimwomba afundishe na ufunguo mwingine mpya, wa kumwekea Kalle. Nimeufunga uzi mwekundu. Nilitaka kuutundika kwenye msumari wa sauna, pale baba yake alipokuwa anatundika zake. Onni akasema utaibiwa gari, na unamtundikia nani? Nikautia mfukoni.

Shawna alinionyesha taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi, picha ya ufunguo. "Hii ikipepesa, mtu amejaribu kuwasha na ufunguo usiojulikana. Itapepesa mpaka utie wa kwako. Hili boksi halidanganyi, mama."

Nimeingiza blanketi ndani. Sijaoka.

Jumatano, 15 Novemba

Siku ya kulungu. Alfajiri milio ya bunduki mbali, upande wa ziwani. Onni yuko porini, huko simu haishiki. Mwaka juzi Kalle alikuwa naye, wakarudi mikono mitupu wanacheka.

Nimeenda kuliangalia gari mara nilipoamka. Giza ndani. Vioo juu. Loki zimefungwa, taa ya ufunguo imetulia. Hivyo ndivyo gari zima linavyokuwa.

Basi ni kweli. Miezi yote ile ilikuwa maji na kutu. Nilikuwa napika chakula cha kupelekea kisanduku.

Nimekaa jikoni mchana kutwa. Kimya cha gari lile kinaniuma kuliko honi ya kanisani. Afadhali nisingelitengeneza — hapana, sijui nasema nini.

Jioni theluji imeanza kuanguka sawasawa.

Alhamisi, 16 Novemba

Naandika ndani ya gari.

Nilitoka na koleo kuondoa theluji mlangoni. Nyayo. Buti kubwa, kutoka barabarani mpaka mlango wa dereva. Zimeingia theluji kiasi lakini bado zinaonekana. Nikajiambia ni mwindaji amepotea. Nikajiambia ni Onni. Onni ana mguu mdogo.

Mlango ulikuwa umerudishwa, haukufungwa. Mtu mwenye heshima ya kutobamiza mlango mama yake akilala. Kiti kimesukumwa nyuma, mimi miguu haifiki.

Na taa ile nyekundu inapepesa. Inapepesa, inapepesa.

Hakuna mwingine mwenye ufunguo wa gari hili. Hakuna. Alikuja, akafungua, akakaa hapa nilipokaa, akazungusha, gari likamkataa. Blanketi lilikuwa ndani ya nyumba. Mkate haukuwepo. Mwanangu yu hai na nimemfungia.

Nyayo za kurudi hazikuelekea mjini. Zimeshika njia ya mgodi wa zamani, ambako hakuna nyumba, kuna makontena matupu yaliyoachwa tu. Nimempigia Onni, haishiki. Nimeacha ujumbe: Alikuja. Usiniambie ni boksi.

Nimetia ufunguo wangu. Taa nyekundu imezima, injini imewaka mara moja, hita inavuma. Nimelichukua blanketi. Ufunguo wa uzi mwekundu uko mfukoni. Kioo cha mbele kimejaa barafu, sioni kitu, nangoja iyeyuke. Theluji nayo imeanza tena, itazifukia nyayo.

Pametoboka mahali kwenye barafu, kiasi cha kiganja. Naziona nyayo mpaka kwenye kona.

Panatosha.